Mtoto Alibaki na Nani?

Dada yangu mdogo alijifungua mwezi wa nane, huku kwetu Nyamira, na siku ya pili akatangaza jina: Nora. Mama alikuwa na lake tayari, Kwamboka, jina la nyanya yetu aliyefariki. Kwetu Wakisii mtoto hubeba jina la aliyetangulia, na Kwamboka lina habari ndani yake: ni kuvuka, kama mtu anavyovuka mto. Sasa Nora? Wamisionari wa Kilutheri kutoka Uswidi walifika Itierio, Kisii, mwaka 1948, na mimi bado sijakutana na Sven hata mmoja. Jina la Skandinavia limetufikia kwa mlango wa mtihani.

Mama akanigeukia, maana nyumbani mimi ndiye mtu wa vitabu, hata kama chuo nilikiacha mwaka wa pili.

"Huyo Nora ni nani?"

Nikamwambia ni mama mmoja wa Norway, kwenye mchezo wa kuigiza, aliyeacha mume na watoto watatu akaenda zake.

"Na watoto walibaki na nani?"

Nilikwama. Nilifanya KCSE 2018, na *A Doll's House* ya Henrik Ibsen ilikuwa kitabu teule. Najua Torvald anamwita mkewe majina ya ndege na kindi. Najua Nora alighushi sahihi ya babake ili apate mkopo wa kumwokoa mumewe mgonjwa. Nilikuwa na hoja nne kwa kila swali, kila hoja na mfano wake. Lakini hilo swali la Mama sikuwahi kuulizwa.

Basi nikakisoma upya, nakala ileile yenye penseli yangu na kalamu ya dada, maana alinirithi.

Watoto walibaki na yaya, Anne-Marie. Ndiye aliyemlea Nora pia, tangu Nora akiwa mdogo bila mama. Na ili apate kazi hiyo, ilibidi binti yake mwenyewe amwachie watu wengine. Nora anamuuliza aliwezaje, naye anajibu kama maskini yeyote anayejua kazi haipatikani kirahisi. Binti huyo amemwandikia mara mbili: alipopata kipaimara na alipoolewa. Basi. Shuleni tulimpita kama mhusika mdogo.

Mchezo ulipoonyeshwa mara ya kwanza, Copenhagen, Desemba 1879, ugomvi ulikuwa juu ya mlango: mama ana haki ya kuondoka au hana? Kwa ajili ya jukwaa la Ujerumani, Ibsen akalazimika kuandika mwisho mwingine, Nora anaonyeshwa watoto na anabaki. Karibu miaka 140 baadaye, darasani kwetu bado tulikuwa tunagombania mlango uleule. Kumbe mlango unafungika kwa sababu Anne-Marie yuko ndani ya nyumba. Nora mwenyewe anasema watoto wako katika mikono bora kuliko yake. Hapo ndipo nina kesi na Ibsen. Ushahidi wote aliuweka mezani, halafu akafunga pazia bila kumrudia yule mama. Uhuru wa mwanamke mmoja umeegemea mgongo wa mwingine, na makofi yote yanaenda kwa anayetoka.

Huku kwetu Anne-Marie tunamjua vizuri. Ameenda Nairobi kulea watoto wa watu, siku hizi anaenda Saudia na Qatar, na wake amemwachia nyanya. Pasipoti ya dada yangu iko tayari. Mtoto akiacha kunyonya, anaondoka, mkataba wa miaka miwili. Ndipo nikaelewa lile jina. Halikuwa la mtoto. Huyu mtoto, ukimtafuta kwenye mchezo, ni Emmy, kasichana kanakobaki. Nora dada alikuwa anajipa mwenyewe, mapema, ili siku ya kuondoka awe ameshajieleza.

Nilimwambia yote hayo. Alisikiliza akinyonyesha.

"Umesoma vizuri," akasema. "Lakini Nora alimkataza Torvald hata kumwandikia barua. Mimi nitapiga simu kila jioni. Na nitatuma pesa."

Kwa hiyo wewe si Nora, nikawaza, wewe ni Anne-Marie mwenye M-Pesa. Sikusema. Kuna uhakiki wa kuandika na kuna wa kumeza, hasa mbele ya mtu anayehesabu miezi.

Kwenye fomu ameandika yote mawili: Nora Kwamboka. Ni jina zuri, sasa naliona. Mmoja anafunga mlango, mwingine anavuka mto, na aliyevuka mto anaweza kurudi kwa njia ileile.

Mama yeye anamwita Kwamboka tu. Na kwa miaka miwili ijayo, atakayemwita kila asubuhi ni yeye.