Uhakiki wa Msitu Wenye Makapu

Sisi tuliofundisha fasihi ya Kiswahili tulizoea kupima kila kazi kwa vipimo viwili, fani na maudhui, na mtahiniwa aliyejibu swali bila kuvitaja alikuwa amejitakia mwenyewe. Vipimo hivyo viliwekwa kwa ajili ya riwaya, tamthilia na mashairi. Hata hivyo sioni kizuizi cha kuvitumia kwa uwanja wa mchezo. Uwanja nao una mtunzi, una hadhira, na una jambo unalomwambia kila anayeupita.

Uwanja ninaouhakiki uko Tampere, Ufini, mji ambao kwa miaka mingi umekuwa rafiki wa jiji letu la Mwanza. Tampere umekaa kati ya maziwa mawili, Näsijärvi na Pyhäjärvi, na kuuzunguka ni misitu. Wenyeji wangu, walimu wastaafu kama mimi, walinipeleka kucheza gofu ya visahani kando ya ziwa dogo lililofunikwa na miti pande zote. Msomaji wa Nyakato pengine hajauona mchezo huu, kwa hiyo nieleze kwa ufupi. Badala ya fimbo na mpira, mchezaji hurusha kisahani cha plastiki chenye upana wa sentimeta 21 hivi. Badala ya shimo kuna kapu la chuma juu ya mlingoti, na juu yake minyororo inayoning'inia. Kisahani kikiigonga hupoteza nguvu na kuangukia kapuni. Kila kituo bado huitwa shimo, ingawa shimo lenyewe halipo. Anayemaliza kwa mitupo michache ndiye mshindi. Kapu hilo lilibuniwa na Mmarekani Ed Headrick, ambaye mwaka 1975 aliweka uwanja wa kwanza wa kudumu pale Oak Grove, California. Alipofariki mwaka 2002 majivu yake yalichanganywa na plastiki yakatengenezewa visahani. Kila watu na maziko yao.

Tuanze na fani, maana hapo ndipo mtunzi wa Tampere anapostahili sifa. Gofu ya kawaida hudai ardhi isafishwe kwanza: miti ing'olewe, nyasi zipandwe, zimwagiliwe na kukatwa kila mara. Huyu hakusafisha kitu. Alitembea msituni akatafuta mianya iliyokuwapo tayari, akaweka kapu mwisho wa kila mwanya. Katika shimo moja unasimama baina ya misonobari miwili, njia inapinda kushoto nyuma ya jiwe la matale ambalo lingeweza kuwa ndugu wa mawe yetu ya Capri Point. Sasa, kisahani kinachorushwa kwa mkono wa kulia, kwa kuukunjua mkono kutoka kifuani, kikipungukiwa mwendo huelekea kushoto chenyewe. Kwa hiyo hata mzee asiye na nguvu hulipwa. Nikafurahi. Shimo lililofuata likapinda kulia, na furaha yangu ikagonga shina la mti. Hiyo ndiyo kazi ya mshairi anayekuzoesha kina kimoja beti nzima, kisha akakubadilishia ukiwa umeanza kusinzia.

Dosari za fani zipo. Miti iliyo karibu na mahali pa kurushia imejaa majeraha ya magome, hasa ile ya magome meupe ambayo wenyeji huiita koivu, na udongo wa hapo umekanyagwa hadi hauoti hata jani.

Upande wa maudhui ndipo ninapotofautiana na mtunzi. Ziwa amelipa kazi moja tu: kuadhibu. Kisahani kikitua majini unaongezewa mtupo mmoja, na kwa kuwa visahani vingi huzama, unakipoteza pia. Kwa mtu aliyekulia ukanda wa Ziwa Viktoria hilo ni jambo la ajabu. Ziwa linalokulisha linawezaje kugeuzwa kuwa mhusika mwovu tu, lisiseme neno jingine lolote?

Jinja, Uganda, pale mto Nile unapotoka ziwani, klabu ya gofu ilikuwa na kanuni ya kwao inayojulikana sana: mpira ukiingia katika unyayo wa kiboko, uokotwe uwekwe kando bila adhabu. Kanuni hiyo naiona bora kuliko uwanja wote wa Tampere. Inakiri kwamba kiboko alikuwa na haki ya kupita hapo usiku, na mchezaji ndiye mgeni.

Lakini Tampere wana jambo ambalo Jinja hawana, wala sisi. Ufini mtu yeyote anaruhusiwa kutembea msituni na kuchuma matunda ya porini hata katika ardhi ya mtu binafsi, mradi asiingie uani kwa watu. Tulipokuwa tukirusha, bibi mmoja alipita katikati yetu na ndoo yake ya matunda, nasi tukasimama kumngoja. Hakuna aliyemuuliza tiketi. Huku kwetu, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa ziwa. Mita 60 zinatosha kabisa shimo moja fupi la gofu ya visahani! Sheria tunayo, ila kuna sehemu za ufukwe wetu ambapo ukizifuata mita hizo kwa miguu unakutana na ukuta. Mtoto wa Nyakato huliona ziwa akiwa juu ya mawe ya mlimani, na kulifikia ni nauli au mlango wa mtu.

Ndiyo maana ningependa makapu hayo yaje, hata tisa tu, chini ya mikuyu iliyobaki. Yangewekwa ya ukindu, kwa kuwa minyororo ya chuma ingeishia kwenye mizani ya vyuma chakavu kabla ya mvua za vuli. Na kanuni ya kwetu ningeiandika mwenyewe: kisahani kikitua juu ya dagaa walioanikwa, mchezaji asikiguse, amngoje mama mwenye dagaa, na mama huyo ndiye aamue adhabu ni mitupo mingapi.