Fomu 21A Inakokwenda Usiku

Hofu ya mashine ya kuhesabu kura imefika Nyanda za Juu Kusini kabla ya mashine yenyewe. Kuanzia Kihesa mjini Iringa hadi Mwanjelwa mjini Mbeya, kura bado zinahesabiwa kwa mkono. Saa 10:00 jioni kituo kinafungwa, sanduku linafunguliwa mbele ya mawakala, karatasi zinaonyeshwa na kusomwa moja moja, zinapangwa mafungu, zinahesabiwa. Matokeo yanaandikwa kwenye fomu: 21A ya urais, 21B ya ubunge, 21C ya udiwani. Mawakala wanasaini na kubaki na nakala. Mawakala wakiwa wameruhusiwa kuingia na kukaa hadi mwisho, sijui hatua nyingine ya uchaguzi wetu inayoonekana wazi kuliko hii.

Kompyuta inaingia mara mbili: kabla ya upigaji kura, kwenye daftari la wapiga kura, na baada yake, kwenye kujumlisha. Tumezoea kuzichanganya hatua hizo na kuziita zote “mashine”, kisha tunabishana bila kujua tunabishania nini.

Ya daftari ilianzia huku huku. Februari 24, 2015, Waziri Mkuu Mizengo Pinda alizindua uandikishaji wa wapiga kura kwa mashine za BVR mjini Makambako, pale barabara ya kutoka Iringa inapogawanyika, moja kwenda Mbeya na nyingine Songea. Mashine ile ni kompyuta, kamera, kisoma vidole na printa ya kadi. Tume ya Taifa ya Uchaguzi ilikusudia kutumia mashine 8,000, lakini Njombe ilianza na 250 tu, ikawa lazima zihamishwe kutoka eneo hadi eneo huku watu wakipanga foleni tangu alfajiri. Tangu majaribio ya Desemba 2014 katika majimbo ya Kawe, Kilombero na Mlele, ilikwishaonekana kwamba vidole vya wakulima vinaisumbua. Mtu aliyeshika jembe miaka 40 alama zake zimelika, na kisoma vidole hakina subira naye. Ratiba ikavunjika. Aprili 2, Mwenyekiti wa Tume, Jaji Damian Lubuva, akatangaza kwamba kura ya maoni ya Katiba iliyopangwa Aprili 30 imeahirishwa. Hadi leo haijafanyika.

Hata hivyo daftari lilikamilika, likiwa na wapiga kura 23,161,440, na siku ya kupiga kura Oktoba 25 mashine hizo hazikuwepo vituoni. Kilichokuwepo ni daftari lililochapwa lenye picha. Ulikuwa uamuzi wa busara kuliko ulivyosifiwa. Kenya, Machi 2013, walipeleka vifaa vya kutambua wapiga kura hadi kwenye madarasa yasiyo na umeme. Betri zikaisha, makarani wakarudi kwenye karatasi, na mabishano yakafika Mahakama ya Juu.

Pagumu ni kwenye kujumlisha. Mwaka 2015 kituo kimoja kilipangiwa wapiga kura wasiozidi 450. Jimbo lenye wapiga kura 200,000, basi, linahitaji vituo visivyopungua 445, na kila kituo kinaleta fomu tatu. Hizo ni fomu 1,335 za kujumlisha usiku mmoja, nyingine zikiwa zimeshuka kwenye barabara za mlimani zenye utelezi, na zinaingizwa kwenye kompyuta na watu ambao hawajalala. Karani akikosea fomu moja tu katika kila mia, jimbo lina fomu 13 zenye makosa, na hakuna aliyeiba.

Mfumo mzuri unazuia mengi ya hayo. Unakataa kura zinazozidi waliojiandikisha, unadai fomu iingizwe mara mbili na watu wawili tofauti, unasimama jumla zisipolingana. Lakini programu nayo huandikwa na binadamu. Katika uchaguzi huo wa Kenya wa 2013, kura zilizokataliwa zilionekana kwenye skrini kuzidi 300,000 wakati nchi nzima inatazama. Tume yao ikaeleza baadaye kwamba kosa la programu lilikuwa likizizidisha mara nane. Hesabu ya mwisho ilikuwa 108,975. Kosa lilirekebishika kwa sababu fomu za karatasi zilikuwepo za kulinganishia.

Kongo wametupa somo la kinyume, na mimi naliona zito zaidi. Kwa uchaguzi wa Desemba 30, 2018, tume yao ilinunua zaidi ya mashine 100,000 kutoka Miru Systems ya Korea Kusini. Mpiga kura anagusa picha ya mgombea kwenye skrini, mashine inachapa karatasi, karatasi inatumbukizwa sandukuni na kuhesabiwa kwa mkono. Wapinzani waliibandika jina la mashine ya wizi. Matokeo rasmi yakampa Félix Tshisekedi asilimia 38.6 na Martin Fayulu 34.8. Kisha zikavuja data za kielektroniki. Zilipochambuliwa na gazeti la Financial Times zilionyesha Fayulu ana takriban asilimia 59. Maaskofu wa Katoliki, waliokuwa na waangalizi wapatao 40,000, nao walisema matokeo yaliyotangazwa hayalingani na waliyokusanya. Mahakama ya Katiba ilimthibitisha Tshisekedi. Mashine iliyoogopwa kama mwizi ndiyo iliyogeuka shahidi wa waliokuwa wakiiogopa, na tume haikuweka hadharani matokeo ya kila kituo ili ubishi umalizwe kwa kalamu na karatasi.

Hapo ndipo turudi Mbeya na Iringa. Miji hii miwili iliwachagua Joseph Mbilinyi na Peter Msigwa wa CHADEMA mwaka 2010 na 2015, kisha mwaka 2020 ikatangazwa kuwachagua Tulia Ackson na Jesca Msambatavangu wa CCM. Utaratibu wa kuhesabu kituoni ulikuwa ule ule. Mwaka 2015 hamu ya watu ilikuwa kulinda kura, wasimame mita 200 kutoka kituoni, mpaka Mahakama Kuu ikaamua, siku mbili kabla ya uchaguzi, kwamba ukishapiga kura uende nyumbani. Kwa maoni yangu, ubishi ule wa mita 200 ulilenga mahali pasipo na shida kubwa. Pa kulinda palikuwa chumba cha majumuisho, na hapo mwananchi hasimami popote.

Majumuisho yakiharibika, Kenya wana mlango wa dharura: Septemba 1, 2017 mahakama yao ilifuta uchaguzi wa rais. Kwetu Ibara ya 41(7) ya Katiba hairuhusu mahakama kuchunguza kuchaguliwa kwa Rais aliyekwisha kutangazwa, ingawa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua Julai 2020 kwamba katazo hilo linakiuka Mkataba wa Afrika. Na Oktoba 29, 2025, siku ya kupiga kura, intaneti ilizimwa, hivyo hata picha ya fomu iliyopigwa kwa simu haikuwa na pa kupita.

Kinachokosekana si ghali. Mwaka 2022 Kenya waliweka mtandaoni fomu za vituo vyao, ambavyo ni 46,229, na yeyote aliweza kujumlisha mwenyewe. Sisi mwaka 2020 tulikuwa na vituo 80,155. Picha ya kila Fomu 21A ikiwa na kilobaiti 300, zote pamoja ni kama gigabaiti 24. Zinatosha kwenye flashi moja ya gigabaiti 32, na flashi hizo Mwanjelwa zinauzwa.