Uungwana wa Pangoni

Anayetazama kwa nje mchezo wa mtandaoni wenye maelfu ya wachezaji huona panga, moto na mazimwi yanayoanguka. Kilicho kizuri kuliko vyote humo hakionekani upesi hivyo: ni namna watu wasiojuana wanavyochukuliana wakiwa safari moja. Nauita ufundi, kwa maana una kanuni na viwango vyake, hujifunzwa kwa kufanya, na asiye nao hujulikana kabla ya pambano la pili kwisha.

Chukua World of Warcraft, uliotoka Novemba 2004. Pango la kawaida huingiwa na watu watano: mbeba ngao mmoja, mponyaji mmoja na washambuliaji watatu. Kila zimwi lina hesabu yake ya nani amelichokoza zaidi, na humrukia anayeongoza hesabu hiyo. Kazi ya mbeba ngao ni kuzivuta hasira zote zimwelekee yeye. Mshambuliaji mwenye pupa akirusha moto kabla hazijavutwa, zimwi humgeukia. Mponyaji huhangaika kumwokoa, na huko kuponya nako hulichokoza zimwi. Mara kikundi kizima kiko chini. Fundi husubiri. Sekunde zake mbili tatu za kutofanya lolote hazimletei sifa, lakini ndizo zilizowabakiza wote hai.

Baada ya pambano, mtazame mponyaji. Uganga wake hutumia mana, yaani nguvu ya uganga, nayo ikimwishia hukaa chini anywe maji mpaka irudi. Mbeba ngao muungwana hasogei kwenye kundi linalofuata kabla hajaona mstari wa buluu wa mana ya mwenzake umejaa. Mchawi muungwana naye hangoji kuombwa: anaweza kuumba maji hayo bure, basi huyagawa mlangoni, safari haijaanza. Mchawi huyohuyo aweza kumgeuza adui mmoja kuwa kondoo ili kikundi kipambane na wachache kwanza, ila pigo moja tu huuvunja uganga huo. Ndiyo maana kiongozi humtia alama ya fuvu adui wa kupigwa mwanzo, na wanaojua kazi humwacha kondoo azurure. Yote haya ni kitu kimoja: kuiona haja ya mwenzako kabla hajaisema.

Zimwi kubwa likianguka huacha ngawira, na hapo ndipo tabia hupimwa. Mchezo humuuliza kila mtu: unakihitaji kitu hiki, au unakitaka tu? Mwenye kuhitaji humshinda mwenye kutaka, na wenye jibu moja hushindanishwa kwa namba ya bahati, 1 hadi 100. Kwa mtindo wa kawaida wa miaka ya mwanzo, programu haikumzuia shujaa wa upanga kudai anaihitaji fimbo ya mchawi, kumbe anakwenda kuiuza sokoni. Kilichomzuia ni malezi. Ni kama kula sinia moja: mwenye adabu hula upande wake, na nyama ya katikati haigusi mpaka igawiwe. Waliokomaa huuliza kabisa, "Yupo ambaye hiki kitamfaa?" kabla kidole hakijabonyeza.

Zamani malezi hayo yalikuwa na mlinzi. Wachezaji wa seva moja walikutana tena na tena. Mdokozi wa ngawira alijulikana kwa jina, na siku akiomba kikundi hakupata. Desemba 2009 ukaja mfumo wa kujiendesha wa kuwakusanya watu kutoka seva mbalimbali. Kupata kikundi kukawa rahisi, lakini wenzako wa leo huenda usiwaone tena. Wapo wanaosema adabu ilikufa siku hiyo. Mimi naona ndipo ilipopata thamani yake kamili. Anayemsubiri mponyaji asiyeweza kumlipa wala kumsema vibaya kwa watu, anasubiri kwa sababu ndivyo alivyo.

Daraja la juu la ufundi huu ni kumpokea mgeni. Final Fantasy XIV, uliozinduliwa upya mwaka 2013, huwatangazia wote kwamba yumo miongoni mwao ambaye hajawahi kulimaliza pango hili, bila kumtaja jina, na huwapa wenzake zawadi ya ziada. Mwishoni kila mtu aweza kumpa pongezi mwenzake mmoja. Kujipa mwenyewe hakuna. Ni utaratibu mzuri, lakini hauwezi kumwandikia mgeni sentensi anazozihitaji: "Zimwi likiinua mkono, kimbilia nyuma yake. Ukianguka usijali, tutarudia." Wengi hukumbuka sehemu ya kwanza. Sehemu ya pili ndiyo inayomfanya mtu arudi kesho.

Kwa sisi tunaocheza kutoka Dar es Salaam au Mombasa kwenye seva za Ulaya, amri ya kidole husafiri mbali kabla ya kutimia, na umeme haukatiki kwa hodi. Kusema mapema, "Mtandao wangu leo mzito, ngao apewe mwingine," ni sehemu ya ufundi huu, sawa na kujibu kweli kiongozi anapouliza kama wote tuko tayari. Pango refu laweza kula saa nzima, na saa hiyo ni mali ya watu watano. Anayetoka katikati bila neno amewapotezea wanne.

Kwa hiyo tunaowafundisha wadogo zetu kulenga na kukwepa, tuwafundishe na haya kwa uzito uleule. Upanga bora wa leo utapitwa na toleo lijalo la mchezo. Anayejua kwenda na wenzake atahitajika katika kila kikundi atakachoingia.