Mdomo wa Jirani: Juu ya Mzee Ojwang, Mchezaji wa Kenya

Wachezaji wa sinema na wa televizioni ni wa namna mbili. Wa kwanza ni wale ambao hadithi yote inawazunguka, na majina yao yanaandikwa kwa herufi kubwa. Wa pili ni wale wanaopewa nafasi ya pembeni: mpishi, askari, mwenye duka, mgeni anayesema lugha ya watu vibaya. Sura zao tunazijua, majina yao hatuyajui. Tunapenda kuchunguza hapa kazi ya mtu mmoja wa namna hii ya pili. Jina lake ni Benson Wanjau. Wasomaji wengi hawatalijua jina hilo, lakini wakisikia «Mzee Ojwang» watacheka mara moja.

Juu ya nini tumwangalie Mkenya huyu, sisi wa Kibabi? Sababu ni mbili. Kwanza, vipande vya michezo yake vinapita hata leo katika simu za vijana wetu. Pili, kazi yake inatuuliza swali ambalo katika Masisi na Walikale si la mchezo: je, ni halali mtu wa kabila moja aigize namna ya kusema ya kabila lingine, watu wacheke?

Benson Wanjau alikufa Nairobi, katika hospitali ya Kenyatta, tarehe 12 Julai 2015, akiwa na miaka 78. Wakenya walimjua kwa michezo ya Kiswahili iliyoitwa Darubini, Kinyonga, Vioja Mahakamani, na zaidi ya yote Vitimbi. Televizioni ya Kenya ilianza mwaka 1962. Tangu mwaka 1964 iliitwa Sauti ya Kenya, na mwaka 1989 ikarudishiwa jina la KBC. Mpaka mwaka 1990 haikuwapo televizioni nyingine katika inchi ile. Kwa hiyo saa ya Vitimbi ilipofika, wote wenye televizioni, na majirani wote waliojaa sebuleni mwao, walitazama kitu kimoja. Tajiri na mtumishi wake walicheka pamoja.

Ojwang ni nani katika mchezo? Ni baba wa nyumba anayejivuna, anayetafuta njia za werevu, na ambaye werevu wake unamrudia mwenyewe. Mke wake, Mama Kayai, hamwogopi. Anasema neno moja, na fahari yote ya bwana inaanguka. Ni habari ya nyumba yo yote. Lakini Ojwang ana kitu kingine kinachomtambulisha tangu neno la kwanza: anasema Kiswahili kwa mdomo wa Wajaluo. Penye «sh» anatia «s», sauti yake inapanda na kushuka kama ya mtu wa pwani ya Ziwa Victoria. Wakenya wengi walisadiki kwamba ni Mjaluo kamili. Sivyo. Wanjau alikuwa Mkikuyu. Na Mary Khavere, aliyecheza Mama Kayai, ni Mluhya. Katika nyumba ile ya Kijaluo iliyopendwa na Kenya nzima, bwana na bibi wote wawili walikuwa wageni.

Mwenye kujua historia ya Kenya ataona uzito wa jambo hili. Tom Mboya, Mjaluo, aliuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Mwezi wa Oktoba wa mwaka ule damu ilimwagika Kisumu, na tangu hapo Wakikuyu na Wajaluo walitazamana kwa mashaka. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya 1,100 walikufa katika inchi, na mara nyingi jina la mtu na kabila lake ndivyo vilivyomponza. Katikati ya miaka hiyo yote Mkikuyu mmoja aliingia katika nyumba za watu na mdomo wa Mjaluo, na Wajaluo wenyewe walimwita mzee wao.

Namna gani iliwezekana? Kusudi tufahamu vizuri, tuvuke bahari kidogo, tumwangalie mchezaji mwingine wa pembeni.

Keye Luke alizaliwa Guangzhou katika Uchina mwaka 1904, akalelewa Seattle katika Marekani. Kwanza alikuwa mchoraji. Mwaka 1934 aliingia katika sinema. Mwaka 1935 alipewa nafasi ya mwana wa kwanza wa Charlie Chan, mpelelezi Mchina wa hadithi. Lakini baba, Charlie Chan mwenyewe, alichezwa na Warner Oland, mzaliwa wa Uswidi. Tazameni ajabu hii: mtu wa Uswidi alikivunjavunja Kiingereza kusudi aonekane Mchina, na Mchina wa kweli, kando yake, alisema Kiingereza safi cha vijana wa Marekani! Mwaka 1937 filmu The Good Earth ilionyesha maisha ya wakulima wa Uchina; bwana na bibi walichezwa na Paul Muni na Luise Rainer, Wazungu wote wawili, na Luke akawa mwana tena. Mwaka 1940, katika Phantom of Chinatown, alipata kuongoza filmu, naye ni mpelelezi Mchina. Mwaka 1972 alitoa sauti ya Charlie Chan katika katuni za televizioni. Mwana amekuwa baba, baada ya miaka 37, tena kwa sauti tu. Mwaka ule ule alianza kucheza Master Po, mwalimu kipofu, katika Kung Fu. Lakini mwanafunzi wake, ambaye hadithi ilimwita nusu Mchina, alichezwa na David Carradine, Mzungu. Luke alikufa Januari 1991.

Sasa tulinganishe. Mkikuyu alicheza Mjaluo. Mtu wa Uswidi alicheza Mchina. Kwa macho ya haraka ni jambo moja. Basi sababu gani la kwanza linatufurahisha, na la pili linatuchukiza?

Wengine watajibu kwamba Wanjau alikuwa na ustadi zaidi. Jibu hilo halitoshi. Oland naye alikuwa stadi. Ubaya wa mambo ya Hollywood ulikuwa katika njia. Njia ilifunguliwa upande mmoja tu. Oland aliweza kuwa Mchina, lakini hakuna aliyemwambia Luke awe mtu wa Uswidi. Tena Kiingereza kilikuwa na wenyewe: Mzungu alikaa nacho kama mwenye nyumba, na mgeni aliyejikwaa mlangoni alichekwa na waliokwisha kuketi ndani.

Nairobi ilikuwa namna nyingine. Kiswahili, tukiwaacha watu wa pwani, ni mgeni katika kila mdomo. Mjaluo anakosa «sh», lakini Mkikuyu naye anachanganya «l» na «r», na Wakenya wanamcheka kwa hiyo kila siku. Katika michezo ile kila mtu aliingia na ulimi wa kwao: katika Vioja Mahakamani washitakiwa walisimama mmoja mmoja, kila mmoja na Kiswahili cha mlima wake au cha ziwa lake. Hapakuwa na mtu aliyecheka kutoka juu. Wanjau aliweka kando kilema cha ulimi wake mwenyewe, akachukua cha jirani. Jirani alielewa hivyo, akacheka pamoja naye.

Walakini tusimsifu kupita kipimo. Kazi hii ina upungufu wake, na mwenye kuhukumu mchezo shurti auseme. Michezo ya namna hii hupenda kumtia kila kabila katika sanduku lake: huyu ni wa majivuno, yule ni wa feza, mwingine ni wa chakula. Mwenye kutazama miaka mingi anaweza kusadiki kwamba sanduku ndilo mtu. Ojwang mwenyewe aliponyoka kwa sababu alikuwa na mke, na nyumba, na aibu, na hofu ya kuonekana mdogo. Wengine waliomzunguka hawakupata bahati hiyo kila mara. Tena nafasi ilimmeza mwenyewe. Luke alipata, katika uzee, kuwa Master Po. Wanjau, watu walimtaka Ojwang tu, yule yule, mwaka kwa mwaka. Macho yake yalipodhoofika, Wakenya walichanga feza za matibabu yake, na hilo ni jambo la heshima. Lakini hata siku ile wengi walikuwa wakimchangia Ojwang, na Benson Wanjau walimjua habari tu.

Turudi kwetu. Katika Kitabu cha Waamuzi, sura ya 12, tunasoma ginsi watu wa Gileadi walivyosimama kwenye vivuko vya Yordani, wakamwamuru kila mpitaji atamke neno moja. Waefraimu walitia «s» penye «sh», wakauawa. Herufi ni ile ile iliyowachekesha Wakenya kwa mdomo wa Ojwang! Herufi moja iliweza kuwa kicheko katika nyumba moja, na kifo kwenye kivuko. Sisi hatuna haja ya kufundishwa jambo hili. Tangu Machi 1993, vita ilipoanza Ntoto katika Walikale na kuenea Masisi, ni wangapi kati yetu waliojifunza kunyamaza sokoni, kusudi ulimi usiwatambulishe?

Kwa hiyo tunaposikia kwamba vijana wa seminari, au vijana wa katekista siku ya Noeli, wanatayarisha mchezo, na ndani yake mmoja ataigiza Kiswahili cha Mhunde, cha Mhutu, cha Mnyanga au cha Mtembo, hatuwezi kusema «ni mchezo tu». Wala hatutaki kusema «ikatazwe kabisa», kama wanavyofanya wakubwa wengine wenye woga. Ukikataza vijana kuigizana mbele yako, wataigizana nyuma yako, na huko hakuna anayewasahihisha. Afazali tuwape kipimo. Kazi ya Wanjau inatupa mambo matatu.

Kwanza, njia iwe wazi pande zote mbili. Kama Mhunde anamcheza Mhutu, mchezo ule ule umpe Mhutu nafasi ya kumcheza Mhunde. Kicheko kinachokwenda upande mmoja tu si mchezo, ni hukumu.

Pili, yule anayeigizwa awe mtu mzima. Awe na nyumba, na mtu anayempenda, na jambo analolitaka. Awe na siku ya kushinda. Kama hana kitu kingine cho chote ila namna yake ya kusema, mmemchekelea, hamkumcheza.

Tatu, mwenye lugha ile awe mbele, tena awe amealikwa wakati wa mazoezi, si siku ya sikukuu tu. Kama kijana hawezi kucheza sehemu yake mbele ya jirani anayemwigiza bila kushusha sauti, sehemu ile ina ubaya, iondolewe.

Wengine watatuambia kwamba Kenya ilikuwa na Ojwang miaka mingi, na vita ya mwaka 2007 ikaja hata hivyo. Ni kweli. Mchezo hauzuii mapanga. Hatumtaki mchekeshaji afanye kazi ya mahakimu na ya watawala. Lakini vita ile ilipokwisha Februari 2008, watu walirudi kukaa pamoja, na kati ya vitu vichache ambavyo vilikuwa bado vya wote alikuwamo mzee mmoja Mkikuyu mwenye ulimi wa Kijaluo. Hakuna upande uliomkataa kuwa wake.

Kitu cha namna hii hakitengenezwi siku ya amani kutiwa sahihi. Kinatengenezwa mbele, polepole, na watu waliokubali kusikiliza namna jirani anavyosema mpaka wakaipenda. Katika parokia zetu, ni michezo gani ya sasa ambayo Mhunde na Mhutu watakuwa bado wanaikumbuka pamoja, wakicheka wote wawili?