Mwenye Hedifoni

Fundi sauti akiingia nyumba ya watu kurekodi tamthilia, huanza na friji. Makochi na rangi ya ukuta vina wenyewe. Yeye anasimama katikati ya sebule, ameinamisha kichwa, anasikiliza. Friji inanguruma. Feni ya darini ina mkwaruzo kila inapomaliza mzunguko. Taa ya tyubu ina mlio mwembamba ambao mwenye nyumba aliacha kuusikia zamani. Anazima kimoja, anasikiliza. Anazima kingine, anasikiliza tena. Kisha anachukua ufunguo wa Noah iliyobeba vifaa, anauweka ndani ya friji karibu na mayai, anafunga mlango. Jioni gari haliwezi kuondoka bila ufunguo, kwa hiyo hakuna namna ya kusahau kuwasha friji na kumwachia mama wa watu samaki waliooza. Mafundi wa sauti wa nchi nyingi wana mbinu hii. Mimi naihesabu kuwa ni adabu kuliko kuwa mbinu.

Nyumba yenyewe iko Yombo, Temeke, upande ambao ndege za Uwanja wa Julius Nyerere husikika vizuri zaidi kuliko mtu angependa. Imekodiwa kwa siku, serikali ya mtaa imearifiwa, kibali cha Bodi ya Filamu kipo kwenye faili la meneja wa uzalishaji. Kuna watu wengi kuliko viti. Wa taa wanabandika kitambaa cheusi dirishani. Dada wa mwendelezo anapiga picha glasi ya chai ili ajue imebaki kiasi gani. Wa mavazi anapiga pasi barazani. Wote hao kazi yao inaonekana kwenye kioo, hata kama majina yao hupita haraka mwishoni huku mtazamaji akitafuta rimoti. Ya fundi sauti haionekani kabisa, na akifanya vizuri hakuna atakayekumbuka kwamba kulikuwa na mtu.

Sisi watazamaji tulijifunza hilo kwa kuteseka. Zanzibar walikuwa na televisheni tangu miaka ya 1970, lakini Bara tulisubiri hadi 1994, mwaka ambao ITV ilianza kurusha matangazo kutoka Mikocheni. Baadaye yakaja maigizo ya kundi la Kaole, zikaja filamu za Bongo, na kwa miaka mingi maiki ilikuwa ile iliyopachikwa juu ya kamera. Kamera ikirudi nyuma ili ichukue sebule nzima, na sauti inarudi nyuma nayo. Mhusika analia, wewe unasikia jenereta. Tamthilia ya Siri ya Mtungi ilipotoka mwaka 2012, wengi walisifia picha za Bagamoyo. Mimi nilichoshika ni kwamba niliweza kusikia watu wakinong'ona.

Sababu ni hesabu tu. Ukiongeza umbali kati ya mdomo na maiki mara mbili, nguvu ya sauti inayofika hushuka hadi robo, wakati kelele za chumba zinabaki pale pale. Kwa hiyo kazi yote ya bumu, yaani ule mti mrefu mwepesi wenye maiki nchani, ni kuiba sentimita. Fundi anaurefusha kipande kwa kipande, anakaza kila kiungo, anauzungusha waya usije ukagonga. Ndani ya nyumba hatumii ile maiki ndefu ya nje. Kwenye kuta tupu na sakafu ya vigae inaokota mwangwi. Anafunga fupi. Anatandika mablanketi mawili sakafuni nje ya fremu na kuning'iniza la tatu kwenye mlango wa chumbani. Anapiga kofi moja, anasikiliza linavyokufa. Anaongeza mto wa kochi kwenye kona.

Kisha anavua viatu.

Sini ni ya mama mkwe na mkwewe. Mkwe amevaa kanga mpya, na hapo ndipo muda ulipoliwa. Maiki ndogo ya kubandika, isiyozidi punje ya choroko, imefichwa kifuani kwa plasta ya hospitali; dada wa mavazi ndiye aliyeibandika, fundi akielekeza kwa maneno huku ameangalia pembeni. Akimwambia mwigizaji ainue mkono, kwenye hedifoni unasikia kanga inavyolia kama karatasi ya maandazi. Ni ile wanga ya dukani ambayo haijafuliwa. Fundi anaomba kanga nyingine, iliyozeeka. Dada wa mwendelezo anakataa, na ana haki: kanga hii hii ilishaonekana jana kwenye sini ya mlangoni. Hakuna aliyepandisha sauti. Wa mavazi aliichukua ile doti, akakaa nayo barazani, akawa anaisugua viganjani kipande baada ya kipande, akianza na pindo, mpaka wanga ikavunjika na kitambaa kikalegea. Akaipiga pasi upya. Aliporudi nayo, fundi alifumba macho, mwigizaji akainua mkono, na fundi akatikisa kichwa kukubali. Nilivaa hedifoni za ziada: hakuna kitu, ila pumzi.

Bado kuna mtaa. Fundi ameshagawa kelele zake katika makundi mawili, vinavyopita na vinavyokaa. Muuza kahawa na vikombe vyake vinavyogongana anapita. Bodaboda inapita. Baiskeli yenye spika ya dawa ya mende na kunguni inapita, ingawa polepole na kwa makusudi. Ndege inapita, lakini inachukua muda mrefu kuliko unavyodhani, maana mngurumo huendelea chini kabisa baada ya masikio ya kawaida kuukosa. Dairekta anasema "imekwisha", fundi anainua kidole kimoja, bado. Adhana haipigiwi hesabu ya kupita: saa yake inajulikana, na ratiba imepangwa chakula cha mchana kiangukie hapo. Kunguru juu ya bati ni suala la kijana mwenye fagio.

Kinachokaa ni muziki wa singeli. Jirani amefungulia spika tangu asubuhi, na singeli haina mahali pa kupumzikia ambapo ungeweza kuchomeka mazungumzo. Kijana wa lokesheni anatumwa, na nilimfuata kwa sababu hii nayo ni kazi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nyie ndio wa sinema?"

"Ndio mama. Tunaomba samahani, tunaomba utupunguzie kidogo, tunarekodi sauti. Tukimaliza kipande tunakuja kukwambia."

"Mwanangu, mimi nafua. Bila muziki nitafuaje?"

Alicheka, akapunguza. Kijana alirudi kumwarifu kila kipande kilipoisha, kama alivyoahidi, na muziki ukapanda na kushuka siku nzima kwa makubaliano hayo.

Sasa ni kimya. Fundi amesimama kando ya kochi, mikono juu ya kichwa, viwiko vimekunjwa kidogo, bumu limelala kwenye vidole badala ya kukamatwa, maana kiganja kikikaza mti unapeleka mkwaruzo. Rekoda iko kifuani. Kiwango cha mazungumzo amekiweka karibu na desibeli 20 chini ya sifuri: mama mkwe atafoka, na sauti ikivuka sifuri inapasuka, haishoneki tena. Klapa inagongwa. Sekunde moja ya picha ina fremu 25, na ule mgongano wa mbao ndio utakaomwezesha mhariri kulinganisha mdomo na neno bila kubahatisha.

"Eksheni."

Hamtazami anayezungumza, anamtazama atakayezungumza. Amekariri maneno ya wote wawili. Mama mkwe bado yumo katikati ya sentensi, na maiki imeshaanza kuondoka kwake, taratibu, ili iwe juu ya mkwe kabla hajafungua mdomo. Ikichelewa, silabi ya kwanza inasikika ya mbali. Ikishuka mno, inaingia kwenye fremu. Ikipita mbele ya taa, kivuli kinatambaa ukutani. Anaicheza nafasi hiyo, pana kama kiganja, kwa dakika tatu bila misuli ya mabega kutetemeka, au ikitetemeka, nchani haifiki. Mama mkwe anapofoka, bumu linapanda kidogo. Mkwe anapojibu kwa sauti ya chini, linashuka na kusimama.

"Kata."

Walirudia. Teki ya pili mwigizaji alisahau. Ya tatu ilikuwa nzuri. Ya nne, mkwe alitokwa na machozi ya kweli na dairekta akapiga makofi.

Kabla watu hawajatawanyika fundi aliomba wabaki walipo, wasiseme, wasisogee, wasizime taa, akarekodi kimya cha chumba kwa dakika nzima. Wageni wa seti hudhani ni mzaha. Lakini kila chumba kina kimya chake, na mhariri akikata pumzi au kikohozi anahitaji kitu cha kuzibia tundu. Akiweka utupu, sikio la mtazamaji linashtuka. Hapo ndipo muuza kahawa aliporudi. Walianza upya.

Karatasi yake ya taarifa ina mwandiko wa daktari: namba ya sini, teki, chaneli, na safu ya mwisho ya maoni. Dairekta alikuja akiwa bado na furaha.

"Ya nne ndiyo yenyewe, au vipi kaka?"

Fundi alirudisha hedifoni masikioni, akasikiliza kipande cha mwisho mara mbili.

"Picha chukua ya nne," akasema. "Neno 'mama' la mwisho kuna bodaboda chini yake. Lile neno peke yake lichukuliwe ya tatu, mdomo utakubali." Akaliandika hivyo hivyo kwenye karatasi, akabadilisha betri, akauliza sini inayofuata ni ya ndani au ya nje.