Njia Ikifungwa, Nani Anaumia?



Mwaka jana, alfajiri moja, vijana wa kijiji kimoja kando ya barabara yetu itokayo Kisangani kwenda Buta waliangusha mti mkubwa, wakaulaza katikati ya njia. Walikuwa na sababu yao. Malori ya magogo yalikuwa yakipita mbele ya nyumba zao usiku na mchana, na shule waliyoahidiwa haikuonekana hata tofali moja. Wakasema: “Leo msitu wetu haupiti.”

Na kweli, lori la magogo lilisimama. Dereva alizima moto, akatandika mkeka chini ya gari lake, akalala usingizi. Mshahara wake haukupungua. Lakini nyuma ya lori zilikuja baiskeli. Ninyi mnaokaa Bengamisa na njia ile mnawajua wenye baiskeli: mtu hufunga mikungu ya ndizi, mpunga au makala, husukuma karibu kilometa 50, apate kufika sokoni Kisangani. Siku ile hawakufika, wala kesho yake. Jioni ya siku ya pili mama mmoja mjane, Mkristu wa jumuiya yetu, alinionyesha ndizi zake zimeiva zote na kuanza kupasuka. Akaniambia: “Katekista, watoto hawa wametetea msitu kwa ndizi zangu.”

Neno lile halikunitoka moyoni. Siku ya Dominika vijana wenyewe walinijia, wakaniuliza: “Je, tulitenda vema au vibaya?” Wazee waliokuwapo walisema kwamba fujo haijengi. Vijana wakajibu kwamba bila fujo hakuna anayesikia. Sikutaka kuwajibu upesi. Leo najaribu kuwajibu kwa maandishi, maana naona swali hili si la kijiji kimoja tu.

Duniani pote watu wanaona joto likizidi, mvua zikipotea majira yake, misitu ikipungua. Wengi wamechoka kuandika barua zisizojibiwa. Basi wengine hufunga barabara, hukaa malangoni mwa makampuni, hufanya mambo ya kushangaza ili watazamwe. Je, watu hao wanausaidia msitu, mito na hewa, au wanaviharibia sifa?

Seminarini tulifundishwa kupima kila tendo kwa vipimo vitatu: tendo lenyewe, kusudi la mtendaji, na hali zinazolizunguka pamoja na matokeo yake. Kusudi jema haliwezi kulisafisha tendo baya. Kadhalika tendo jema laweza kuharibika kwa majivuno ya mwenye kulitenda. Nataka kutumia vipimo hivyo kwa mambo yaliyotokea kweli, kwanza mbali, kisha karibu.

Tuanze Uingereza. Tarehe 14 Oktoba 2022 vijana wawili wa kundi liitwalo Just Stop Oil waliingia katika jumba la picha la taifa huko London. Wakamwaga supu ya nyanya ya kopo juu ya picha ya maua ya alizeti iliyochorwa na Vincent van Gogh. Walitaka serikali yao isitoe ruhusa mpya za kuchimba mafuta na gesi. Picha ilikuwa nyuma ya kioo, haikuharibika, ila fremu yake iliguswa. Septemba 2024 mahakama iliwahukumu kifungo, mmoja miaka miwili, mwingine miezi 20.

Kusudi lao silidharau, na gharama walilipa wenyewe. Lakini tendo lenyewe, je? Mtu wa kwetu akisikia kwamba chakula kimemwagwa juu ya picha, ati kwa ajili ya mafuta, atauliza: picha imekosa nini? Maua yale hayajachimba kisima. Tendo linalohitaji mfasiri limekwisha kupoteza nusu ya nguvu zake. Watu wengi walibishana habari za supu, wakasahau habari za mafuta.

Sasa turudi Afrika. Jirani zetu wa Uganda wanayo habari inayofundisha zaidi. Mwaka 2007 serikali ilikusudia kutoa hekta kama 7,100 za msitu wa Mabira, karibu robo ya msitu wote, zipandwe miwa ya kampuni ya sukari iitwayo SCOUL. Watu wakakataa, nao walikataa kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ilikuwa ya kimya. Walitumiana habari kwa simu, wakaacha kununua sukari ya kampuni ile. Tena ufalme wa Buganda na Kanisa la Kianglikana walijitolea kutoa ardhi mahali pengine, ili msitu upone. Njia ya pili ilikuwa maandamano ya tarehe 12 Aprili mjini Kampala. Yalianza kwa matawi ya miti mikononi, yakageuka kuwa ghasia. Mwanamume mmoja Mhindi aliyekuwa akipita kwa pikipiki alipigwa mawe mpaka akafa, kwa sababu tu wenye kampuni nao ni watu wa asili ya India. Waandamanaji wengine waliuawa kwa risasi.

Serikali iliuweka kando mpango ule. Ulipofufuliwa mwaka 2011 ulipingwa tena, na Mabira ungalipo. Wako wanaosema: “Mnaona? Ghasia ziliokoa msitu.” Mimi siwezi kusema hivyo. Sukari iliyobaki dukani bila mnunuzi ilimwendea mwenye shauri mwenyewe, ikamgusa mfukoni. Jiwe lilimwendea mpita njia. Yote mawili yalifanywa kwa jina la msitu mmoja, katika majuma yale yale, lakini si tendo moja. Na hata leo atakaye kuwadharau watetezi wa Mabira hawakumbushi watu sukari. Huwakumbusha maiti.

Kenya nako tunamkuta Mama Wangari Maathai, mwanafunzi wa masista tangu utoto wake, aliyeanzisha mwaka 1977 kazi ya wanawake ya kupanda miti, akapewa tuzo ya Nobel ya amani mwaka 2004. Mwaka 1998 watu waligundua kwamba sehemu za msitu wa Karura, pembeni mwa Nairobi, zimegawiwa kwa wajenzi. Wakaenda kupinga. Siku moja ya Oktoba mwaka ule mitambo ya wajenzi ilichomwa moto, na jambo hilo sitalificha. Lakini siku inayokumbukwa ni tarehe 8 Januari 1999. Mama Wangari na wenzake walifika langoni na miche mikononi, wakitaka kupanda. Watu waliowekwa kulinda pale wakawapiga, naye akapasuliwa kichwa, damu ikamtoka.

Yeye hakuhitaji mfasiri. Aliyeona picha zile alijua mara moja nani anapanda na nani anapiga. Aibu iliwaangukia waliostahili aibu. Wanafunzi wa Nairobi wakachachamaa, mji ukatikisika, na mwezi wa Agosti 1999 Rais Daniel arap Moi alikataza ugawaji wa ardhi ya umma. Karura ungali msitu hata leo.

Basi mtu ataniambia: “Katekista, Kenya ni Kenya. Huku kwetu mambo ni mengine.” Ni kweli, na sharti tuseme mambo ya kwetu bila kupaka asali. Mwaka 2011, watu wa Yalisika katika eneo la Bumba, katika msitu huu huu wetu mkubwa, walikuwa wakidai shule na zahanati walizoahidiwa na kampuni ya mbao ya Siforco. Mwezi wa Aprili walichukua vifaa vya kampuni, mashine ya redio na mabamba ya umeme wa jua, wavishike mpaka ahadi itimizwe. Tarehe 2 Mei walikuja askari wa jeshi na wa polisi. Watu walipigwa na kufungwa, wanawake walinajisiwa, mtu mmoja akapoteza maisha.

Mwaka 2013 FSC, chama cha kimataifa kinachotia alama kwenye mbao zilizokatwa kwa haki, kilivunja uhusiano wake na Danzer, kampuni ya Ulaya iliyokuwa mwenye Siforco wakati wa mambo yale. Mashtaka yalipelekwa pia Ujerumani, lakini hayakufika hukumuni. Hivyo kelele za Yalisika zilisikika mpaka Ulaya. Lakini waulizeni akina mama wa Yalisika bei ya kusikika huko. Sisi watu wa Tshopo tumeona majeshi mengi. Tunajua kwamba amwitaye askari kwa hasira si yeye atakayemfungulia mlango usiku.

Wenye kupenda makelele wanayo hoja moja ya nguvu, nami nataka kuwatendea haki. Mwezi wa Novemba 2022 Just Stop Oil walisumbua barabara kuu izungukayo London. Wataalamu waliwauliza watu maswali kabla na baada ya siku zile. Wakaona kwamba wale waliozidi kulifahamu kundi lile kali walizidi pia kuliunga mkono kundi jingine, la upole, liitwalo Friends of the Earth. Maana yake ni kwamba mkali humfanya mpole asikilizwe.

Mimi nakubali, lakini tazameni sharti lililofichika humo. Sharti mpole awepo! Kelele hufungua mlango. Lakini mlango ukifunguka, awepo mtu wa kuingia akiwa na karatasi mkononi, ajue anadai nini, kwa sheria ipi, na kutoka kwa nani. Asipokuwapo, atakayeingia kwa mlango ule ni askari.

Na karatasi tunazo. Sheria ya misitu ya Kongo ya tarehe 29 Agosti 2002 inaitaka kampuni yenye kibali cha kukata miti iandike ahadi zake kwa wenyeji, kama barabara, shule na zahanati. Na amri ya serikali ya tarehe 2 Agosti 2014 inaziruhusu jamii za wenyeji kupewa msitu wao wenyewe, hata hekta 50,000, wautunze na kuutumia kwa haki. Mwenye msitu wake kwa hati hana haja ya kulaza mti njiani.

Niliwauliza vijana wetu: “Ile ahadi ya shule imeandikwa wapi? Ina tarehe gani?” Wakanyamaza. Nami nikanyamaza, tena kimya changu kilikuwa kizito kuliko chao. Maana katika kijiji kile mimi ndimi niliyesomeshwa. Mimi ndimi niwezaye kusoma Kifaransa cha sheria, na miaka yote ile sikuwasomea hata ukurasa mmoja. Wazee walijua habari za malori, wakanyamaza. Walimu tulijua, tukanyamaza. Vijana peke yao walisema, nao walisema kwa shoka kwa sababu hatukuwapa chombo kingine.

Marehemu Baba Mtakatifu Fransisko aligusa jambo hili katika waraka wake Laudate Deum wa tarehe 4 Oktoba 2023. Anawataja wale waitwao wakali katika mikutano ya hali ya hewa, wala hawasifu tu au kuwalaumu tu. Anatuonyesha kwamba wamekaa mahali tulipopaacha wazi sisi sote, tuliopaswa kuwasukuma wakubwa kwa njia njema. Nilipousoma mara ya kwanza nilidhani anasema habari za Wazungu. Kumbe alikuwa akisema habari zangu.

Basi, vijana wangu, jibu langu ni hili. Kusudi lenu lilikuwa jema, na ujasiri wenu tunauhitaji. Lakini tendo lenu mlilipeleka kwa mtu asiyehusika. Mkitaka tena kuzuia, jiulizeni kwanza maswali matatu. Mzigo huu utamwangukia nani: mwenye kosa au jirani? Je, mpita njia ataelewa tunadai nini bila kuelezwa? Na mlango ukifunguka, ni nani ataingia na karatasi? Kizuizi chenye majibu mema kwa maswali haya chaweza kuusaidia msitu. Kizuizi kisicho nayo humpumzisha dereva na kumwozeshea mjane ndizi, na kesho yake mjane huyo hatataka kusikia neno “msitu”. Hapo ndipo madhara makubwa yalipo: siku msitu utakapohitaji kijiji kizima, nusu ya kijiji itakuwa imechoka nao.

Nanyi wazee wenzangu mnaosema kwamba fujo haijengi, mmesema kweli. Lakini je, kimya chetu kimejenga nini? Shule iko wapi?

Sasa Alhamisi jioni, baada ya mafundisho ya wakatekumeni, tunakaa chini ya paa la kanisa na kusoma ile sheria ya 2002, sentensi kwa sentensi, mimi nikigeuza kwa Kiswahili. Kazi ni ya polepole. Vijana watatu wanaandika majina ya mito na mipaka ya msitu kama wazee wanavyowatajia. Na kabla ya kuanza masomo hayo vijana wale walikwenda wenyewe kwa yule mama mjane, wakamlimia shamba lake la ndizi siku mbili. Hakuna aliyewaamuru. Juma lililopita mama yule alikuja Alhamisi, akakaa nyuma, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali ambalo hakuna kijana aliyelifikiria: “Karatasi ya ahadi ikipatikana, nani atakaa nayo nyumbani?”