Tazama Mruko Kwanza

Gemu mpya ya kukimbia na kuruka ikitangazwa pamoja na mashine mpya, trela hujaa maji yanayometa na manyoya yanayopeperushwa na upepo. Hiyo ni kazi ya chipu. Anayetaka kujua kama gemu yenyewe imeundwa kwa ufundi atafute mruko mmoja usiokatwakatwa na mhariri, autazame tangu miguu inapoacha ardhi hadi inapotua.

Mruko mzuri haufuati maumbile. Katika Super Mario Bros. ya 1985, Mario huanguka haraka kuliko anavyopanda. Ukigusa kitufe kwa muda mfupi anaruka kimo kifupi, ukikishikilia anafika juu, na akiwa hewani bado unaweza kumwelekeza. Hakuna mwanadamu anayeruka hivyo, lakini kidole huzoea papo hapo. Celeste ya 2018 iliongeza huruma: ukichelewa kidogo ukingoni, mhusika bado anaruka ingawa hakanyagi kitu; ukiwahi kubonyeza kabla hajatua, amri yako inangoja hadi atue; kichwa kikigusa kona ya jiwe, anasogezwa pembeni apite. Mchezaji haoni lolote kati ya hayo. Anahisi tu kwamba anatiiwa. Kwa hiyo kwenye trela angalia kinachofuata baada ya kutua: je, mhusika anaondoka mara moja, au anaganda mpaka amalize kukunja magoti? Akiganda, mimi naanza kuwa na shaka.

Tazama pia kivuli. Katika gemu za pande tatu, kivuli kilicho wima chini ya miguu ndicho kinachokuonyesha utatua wapi. Super Mario 64 ilikuwa nacho. Studio inayokiondoa ili mwanga wa jua uonekane wa kweli imeipa picha kipaumbele, na mchezaji ndiye atakayetumbukia shimoni.

Kuhusu kasi sina subira. Kwenye fremu 60 kwa sekunde, kila picha hukaa takriban milisekunde 17. Kwenye 30 hukaa 33. Gemu ya hadithi ya polepole inaweza kuvumilia 30. Ya kuruka, hapana.

Kisha uliza mashine mpya imeupa mwili wa mhusika uwezo gani. Super Mario 64 ilipotoka Japani Juni 1996 pamoja na Nintendo 64, kijiti cha pedi kilibadilisha kila kitu: ukikisukuma kidogo Mario ananyata, ukikisukuma chote anakimbia. Waundaji walianza kwa kumfanya amfukuze sungura katika uwanja usio na mapambo, na nadhani ndiyo sababu kukimbia tu ndani ya gemu ile bado kunapendeza. Astro's Playroom, iliyokuja ndani ya PS5 mwaka 2020, ilikufanya uhisi mchanga na kioo kwa viganja. Donkey Kong Bananza ya Julai 2025 ilianza kutengenezwa kwa ajili ya Switch ya kwanza, ikahamishiwa Switch 2, ambako ardhi karibu yote inaweza kupigwa ngumi, kuchimbwa na kurushwa. Fremu zake hushuka ubomoaji ukizidi, nami siipendi dosari hiyo. Hata hivyo naiweka juu ya gemu nyingi laini kuliko yenyewe, kwa sababu nguvu ya mashine imeingia mikononi mwa Donkey Kong, sokwe wa gemu hiyo, haikuishia kwenye manyoya yake.

Gemu ya majaribio ikitolewa, usikimbilie kumaliza hatua ya kwanza. Baki mahali tambarare: ruka, geuka ghafla, simama ukingoni, ruka tena huku ukizungusha kamera. Lakini kwanza weka luninga kwenye hali ya gemu, kwani luninga nyingi hurembesha picha kabla ya kuionyesha, na ucheleweshaji huo unaweza kukufanya uulaumu mruko usio na kosa.